Gorogoro ya Nanyama

Katika Kisumu Ndogo nzima, kule Kibera, hapakuwa na mwanamke aliyelijua andiko la mwovu kumsagia meno mwenye haki kama Jael. Alikuwa amelieleza mara nne katika ushirika wa akina mama wa Alhamisi, na mara zote nne watu walilia. Mara ya kwanza waovu walikuwa askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, maana wiki hiyo walikuwa wamevunja vibanda. Mara ya pili walikuwa wenye nyumba, wale wasioona paa likivuja hata likiwadondokea puani. Mara ya tatu walikuwa wakwe. Hakutaja majina, lakini kila mtu alijua mama mkwe wa Jael anaishi wapi na ana mdomo wa aina gani. Mara ya nne hakumtaja mtu yeyote. Alimwachia kila mmoja amweke adui wake mwenyewe pale, na siku hiyo ndiyo leso zililowa kweli kweli. Mwenye haki, mara zote, alikuwa mmoja wa wale waliokaa wakinywa chai. Hakuna aliyeona ajabu, na Jael ndiye angekuwa wa mwisho kuona.

Sasa ilikuwa Novemba ya mwaka wa tisini na saba. Mvua ya El Nino ilikuwa imegeuza vichochoro kuwa mito, na zamu ya Jael ilikuwa imerudi. Andiko ni lilelile. Alhamisi, saa tisa, nyumbani kwake. Na kwa mara ya kwanza tangu aokoke, Jael alimwomba Mungu ampe homa, hata ndogo, ya siku mbili tu.

Sababu ilikuwa gorogoro.

Jael aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye ile safu ya meza iliyo mbele ya nyumba yake, meza sita za mbao zilizopangwa kando ya njia. Omena hupimwa kwa gorogoro, lile kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili ambalo halijui kustaafu. Na kwenye safu ile kila gorogoro ilikuwa imegongwa kitako kikaingia ndani. Ukitazama kwa juu huoni kitu, omena imejaa mpaka imefanya kilima. Kumbe chini kuna mlima mwingine wa bati unaokula nafasi. Muuzaji anapomimina, huweka kiganja kitakoni, kama mtu anayemshika mtoto mchanga kisogo, mteja asione. Kisha anatupia ukufi mmoja wa nyongeza, mteja anacheka, anasema asante mama, anaenda zake.

Msiharakishe kumhukumu Jael. Nyongeza yake ilikuwa kubwa kuliko za wote, na moyoni alijipa moyo kwamba kile alichokichukua kwa kitako alikirudisha kwa mkono. Hakuwahi kupima kama ni kweli. Gorogoro yake iligongwa miaka sita nyuma, na mwanadamu akishaishi miaka sita na kitu hakioni tena.

Halafu akaja Nanyama na meza ya saba. Alikuwa mama mwembamba, mtu wa Bungoma, anayekaa Kawangware 46 na mumewe Isaac, mwashi ambaye mvua ilikuwa imemweka nyumbani. Safu ilimwita Mama Annet, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mwanzoni walimcheka. Hakuwa anatoa nyongeza. Alijaza gorogoro, akaimimina, basi. Apiyo, mama mwenye sauti kubwa ambaye safu ilimchagua kuwa mwenyekiti kwa sababu hakuna aliyethubutu kumkataa, alimwita mkono wa birika na wateja wakacheka naye.

Ilichukua wiki tatu. Kisha mama mmoja akaimwaga omena yake nyumbani kwenye bakuli lake la kila siku na bakuli likafurika. Wiki ya nne foleni ilikuwa kwa Nanyama.

Jael hakumchukia. Hata alimpenda. Ni yeye aliyemkaribisha ushirika, na ni yeye aliyemwambia, "Hii meza yako na hii gorogoro usiwe unabeba mpaka Kawangware. Wacha hapa kwangu, chini ya paa, ufunge na kamba." Mvua ikija walishikilia pamoja karatasi moja kubwa ya nailoni juu ya meza zao mbili, mmoja upande huu, mwingine upande ule, wakicheka omena isilowe. Kwa hiyo usiniulize chuki iliingilia wapi. Nadhani iliingia siku ile Phanuel, mwenye hoteli ya ugali pale karibu na reli, mteja wa Jael wa miaka mingi, aliponunua kwa Nanyama kisha akapita mbele ya Jael na kusimama. Hakuwa na ubaya. Alisema tu, kwa upole, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba kitufe chake kimefunguka:

"Mama Brandon, hata wewe? Mtu wa kanisa?"

Neno lile lilimchoma. Lilikaa naye jioni, likakaa naye Jumapili akiimba. Askari wa kanjo walimtukana miaka yote na hakuna tusi lililowahi kumkosesha usingizi. Lakini sasa kila alipomwona Nanyama akimimina omena huku amelishika lile kopo kwa mdomo wake tu, kwa vidole viwili, kitako hewani, wazi, kikimtazama kila mtu, meno yake Jael yalijikaza yenyewe.

Jumatatu aliamka kabla hakujapambazuka vizuri, atoe magunia. Mvua ilikuwa imepumzika. Gorogoro ya Nanyama ilikuwa pale chini ya paa, imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, imeinamishwa ili isishike maji. Kitako juu. Kilikuwa kimenyooka na kinang'aa.

Aliokota jiwe. Alijiambia anataka tu waweze kufanana, basi, safu iwe na amani. Aligonga mara moja. Kisha akagonga tena, na tena, na alipoacha alikuwa anahema, na hakujua amegonga mara ngapi. Aliitazama gorogoro ile, akaigeuza mdomo juu, akaingia ndani kuwasha jiko. Chai ilichemka, akainywa. Hilo ndilo lililomtisha baadaye, kwamba chai ilipita kooni bila shida.

Nanyama alifika amechelewa, amelowa mpaka magotini, foleni tayari inamngoja. Hakuangalia kitu. Alichota, akajaza, akamimina kama alivyozoea, kwa vidole viwili, kitako hewani. Mteja wa kwanza alikuwa Phanuel.

"Ai! Mama, hiyo ni nini hapo chini?"

Watu wote wakaangalia. Wale wengine sita, ambao gorogoro zao hazikuwahi kuonyesha kitako mbele za watu, nao wakaangalia. Nanyama aliigeuza gorogoro yake, akaitazama kama mtu anayeona sura ya mtu mwingine kwenye kioo chake.

"Si mimi," alisema. "Wallahi si mimi." Alikuwa Mkristo safi, sijui wallahi hiyo aliitoa wapi.

"Mwizi!" Apiyo alipiga makofi. "Mnaona? Huyo ndiye mlikuwa mnamkimbilia! Sisi hapa mlituona wabaya, kumbe mchawi ni huyu!"

Phanuel alimwaga omena mezani akaondoka. Foleni ikavunjika. Na Apiyo, kwa kuwa ndiye mwenyekiti, akatoa hukumu hapohapo: mtu wa kupunja watu hawezi kukaa kwenye safu yao, anaharibia wengine jina. Mpaka Ijumaa asubuhi awe ameondoa meza yake. Akageuka kwa Jael. "Ama namna gani, Mama Brandon? Wewe ndiye unajua neno."

Jael alikuwa anapepeta omena ambayo ilikuwa tayari safi. "Mimi nitasema nini," alisema.

Hayo ndiyo yote aliyosema.

Jumanne Nanyama hakuuza kitu. Alikaa nyuma ya meza yake, mikono mapajani, na wapita njia wakimpita kama jiwe. Mchana alisogea kwa Jael.

"Mama Brandon, nikuulize kitu ya neno."

"Uliza."

"Mimi naelewa mtu akinichukia kwa sababu nimemkosea. Hiyo naelewa. Lakini huyu aligonga hii kitu, mimi sijamfanyia kitu yoyote. Hakuna mtu hapa nimetukana. Sasa neno linasema ni kwa nini? Mbona mbaya anamchukia mtu hajamfanyia chochote?"

Jael aliirudia omena yake, akaipepeta tena. Mara nne alieleza andiko lile, na swali hilo hakuwahi kuulizwa. Kila mara mwovu alichukia kwa sababu ni mwovu, na watu waliridhika.

"Alhamisi nitaeleza," alisema.

"Sawa. Mimi nitangoja hiyo," Nanyama akasema, na Jael akaona kwamba kweli atangoja, kwamba hilo tu ndilo lililokuwa limembakiza hapo. "Nikikosa hii safu, kule 46 walishapeana nafasi yangu. Isaac hana kazi. Sijui nitarudi wapi. Lakini nikielewa tu, nitaenda nikiwa sawa." Kisha akasema, "Kesho unisindikize kwa khocha, anyooshe hii. Sitaki watu wanione nikitembea nayo peke yangu."

Khocha ni mjomba, kaka ya mama. Huyo alikuwa Murunga, fundi wa mabati wa Kawangware. Nanyama alipolitaja jina hilo, Jael alishtuka. Miaka sita nyuma, gorogoro yake mwenyewe aliipeleka Kawangware kwa fundi mmoja wa mabati aliyesifika kwa mkono mwepesi. Lakini ungemkataliaje mtu unayemuua, anapokuomba umshike mkono?

Jumatano walikwenda kwa miguu. Walipita Soko la Toi, ambako wauza mitumba walikuwa wameanika makoti yaliyolowa kana kwamba jua litakuja, wakavuka Ngong Road, wakashika njia za ndani. Nanyama alibeba gorogoro ndani ya mfuko wa karatasi kifuani. Njiani alisimulia habari za watoto. Jael aliitikia pale palipohitaji kuitikiwa, na kila hatua ilikuwa nzito, na si kwa sababu ya matope peke yake.

Murunga alikuwa mzee mfupi mwenye vidole vyenye makovu, amekaa chini ya turubai katikati ya masanduku na makarai, akifunga kitako cha birika. Walisalimiana mulembe, salamu ya kwao, na mpwa wake kwa muda mrefu, wakaulizana wagonjwa wote. Kisha akaipokea gorogoro. Hakuinyoosha. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba kitakoni, polepole, alama moja baada ya nyingine.

"Hii si nyundo," alisema.

"Ni nini, khocha?"

"Ni jiwe." Akaendelea kupapasa. "Hizi kitu mimi nimegonga miaka mingi, Nanyama. Sijivunii. Watu wa hapa, watu wa Kibera, wote walikuwa wanakuja kwangu, mpaka siku moja mke wangu akanunua mahindi kwa gorogoro niligonga mwenyewe. Tukalala na njaa ya mkono wangu. Nikaacha." Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Sasa sikia. Mtu anataka kupunja, anagonga pole pole. Anazunguka, anazunguka, bati inaingia kama sahani, hakuna alama. Mwizi anapenda gorogoro yake. Anataka imfanyie kazi miaka kumi. Lakini ona hapa. Imepasuka. Na hapa. Na hii hapa amepigia palepale mara tatu. Hii haiwezi kuuzia mtu kitu, itavuja vumbi yote. Huyu hakuwa anataka omena."

"Alikuwa anataka nini?"

"Wewe," Murunga akasema. "Alikuwa anagonga wewe."

Nanyama alijifunika mdomo kwa leso. Jael alikuwa amesimama nje ya turubai na maji yanamdondokea begani, na hakusogea. Kile kitako kilikuwa mbele yake, kimeelekezwa kwake, na alama zote za jiwe zilikuwa zimepangana kama meno yaliyoumana. Alikuwa amelisoma andiko lile tangu ubatizo wake na hakuwahi kuliona kwa macho. Sasa aliliona, tena alilijua mwandiko wake. Aliona aibu kiasi cha kutamani ardhi ya Kawangware, jinsi ilivyolainika, immeze yeye na leso yake.

Murunga aliweka kopo juu ya chuma chake, akaanza kulirudisha kwa nyundo ya mbao, tok, tok, bila haraka. Alipomaliza aliziba palipopasuka kwa risasi iliyoyeyushwa, akamkabidhi mpwa wake. Kisha akamtazama Jael, kwa mara ya kwanza vizuri.

"Na yako, mama? Bado inakaa sawa?"

"Khocha, huyu ni mtu wa neno," Nanyama akasema, akitabasamu kidogo, tabasamu la kwanza tangu Jumatatu. "Yake haiwezi kuwa na shida."

"Sawa," Murunga akasema, akarudi kwenye birika lake.

Nanyama alibaki kwake Kawangware, hivyo njia ya kurudi ilikuwa ya Jael peke yake, na aliitembea yote akijitetea. Alisema mimi nina watoto. Alisema kila mtu amegonga, si mimi niliyeanza. Alisema nitamwombea kwa siri na Mungu atamfungulia mlango mwingine, mkubwa zaidi. Alisema nikinyamaza ataumia mtu mmoja, nikisema tutaumia sote sita. Alikuwa hodari wa maneno, na kila neno lilisimama vizuri, na hakuna hata moja lililojibu lile swali. Mbona anamchukia mtu asiyemfanyia chochote? Alipofika Toi alikuwa ameacha kujitetea. Alipofika kwake alikuwa analia, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha hakuna aliyejua.

Alhamisi saa tisa nyumba ilijaa. Akina mama kumi na moja walibanana kwenye viti, kitanda na ndoo zilizogeuzwa. Opondo, mume wa Jael, ambaye ni askari wa usiku na hulala mchana, alifukuzwa kitandani mwake akaenda kumalizia usingizi kwa jirani. Apiyo alikaa mbele, chai mkononi, na wenzake wanne wa safu wakamzunguka. Nanyama alikaa karibu na mlango, gorogoro yake mapajani ndani ya ule mfuko, kama mtu anayesubiri kuitwa hospitalini.

Eddah, mke wa mchungaji, alisoma Zaburi. Alisoma polepole, mpaka pale pa meno. Kisha wote wakamgeukia Jael, na Apiyo akanong'ona kwa sauti ambayo Apiyo aliamini kuwa ni mnong'ono, "Leo sema ukweli, Mama Brandon. Mbaya ametoka kati yetu."

"Ni kweli," Jael akasema. "Ametoka kati yetu."

Nanyama aliinamisha kichwa.

Jael alitandika gazeti juu ya meza. Akaenda kwa mlango, akanyoosha mkono, na Nanyama akampa gorogoro yake bila kuelewa. Akaijaza omena kutoka kwenye gunia, akapitisha mkono juu ikawa sawasawa na mdomo, haina kilima. Kisha akachukua ya kwake mwenyewe kutoka chini ya kitanda, akaiweka katikati ya gazeti, na akamimina ile ya Nanyama ndani yake.

Iliingia, ikajaa, ikafanya kilima, kilima kikabomoka, na omena ikaendelea kumwagika. Ilimwagika gazetini, ikavuka gazeti, ikadondoka kwenye miguu ya Apiyo. Hakuna aliyeinama kuokota.

"Hii imemwagika ndiyo nimekuwa nikichukua," Jael akasema. Akachukua ukufi mmoja kutoka kwenye lile fungu, ukufi wake mkubwa uliosifika, akaunyanyua. "Na hii ndiyo nimekuwa nikirudisha." Akautazama mkono wake, na kweli ulikuwa mkono mdogo. "Miaka sita. Siwezi kusema ya mtu mwingine. Kila mtu ako na yake nyumbani, apime."

"Mama Brandon," Apiyo akasema, "hiyo si neno."

"Ngoja. Bado." Akaurudisha ule ukufi gazetini. "Mara nne nimewaeleza hapa ati mbaya ni kanjo, ati ni landlord. Mlilia. Hata mimi nililia. Na sijui kama kanjo aliwahi kunisagia meno. Alikuwa tu anafanya kazi yake mbaya. Lakini Jumatatu asubuhi, kabla ya watu kuamka, mimi nilichukua jiwe hapo nje nikagonga gorogoro ya Mama Annet. Aliniachia nimuwekee. Nikagonga mpaka ikapasuka. Ni mimi."

Kulikuwa na mama mmoja aliyesema "Nyasaye," taratibu, akimwita Mungu kwa Kijaluo. Apiyo aliweka kikombe chini. Alipangusa omena miguuni, akasimama, akajifunga leso, na kabla ya kutoka akamtazama Jael kwa jicho ambalo Jael alilitambua mara moja, maana lilikuwa jicho lake mwenyewe la Jumatatu. Wengine wanne wa safu wakamfuata. Chai zao zilibaki zinafuka.

Nanyama hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea mwimo, uso wake umekuwa wa majivu.

"Nilijua ni mtu wa karibu," alisema. "Tangu jana kwa khocha nilijua. Niliomba tu isiwe wewe."

"Nisamehe."

"Sitaki hiyo saa hii." Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Niliuliza swali. Uliniambia Alhamisi. Leo ni Alhamisi. Mimi nilikufanyia nini?"

Jael angeweza kusema Phanuel. Angeweza kusema foleni, mvua, watoto, shetani. Shetani hasa angepokelewa vizuri katika chumba kile, Eddah alikuwa tayari ameinua mkono wa kumkemea. Lakini alikuwa amechoka kueleza maandiko kwa namna ile.

"Hukunifanyia kitu," alisema. "Ndiyo hiyo sababu. Ungekuwa umenifanyia kitu kibaya, ningekusamehe, ningejiona mzuri. Lakini ulikuwa unamimina tu omena yako hapo kando yangu kila siku, na kila ukimimina mimi nilijiona. Sikuweza kuvumilia kujiona. Ndiyo nikagonga wewe."

Nanyama akaja mezani, akaikung'uta gorogoro yake ikabaki tupu, akaitia kwenye mfuko wake, akatoka. Chai yake hakuigusa.

Jioni ile Jael aliokota samaki mmoja mmoja sakafuni. Kisha akalitafuta lile jiwe, akaketi na gorogoro yake, akaigonga kutoka ndani mpaka kitako kikatoka nje. Ilitoka mbaya, imepinda, ikiwekwa mezani inayumba. Lakini sasa ilikuwa inachukua kipimo kizima.

Ijumaa asubuhi aliweka meza yake. Majirani zake wa upande wa kulia walikuwa wamesogeza meza zao hatua mbili, na hakuna aliyemsalimia. Apiyo alimwambia mteja mmoja, kwa sauti ya kufika Toi, kwamba kuna watu wanaojifanya watakatifu ili wawaaibishe wenzao. Jael alisikia. Alitaka kujibu, na jibu lilikuwa tayari mdomoni, tena zuri. Akalimeza. Iliuma kuliko alivyowahi kueleza, na alijua sasa kwamba Nanyama alikuwa amemeza dhihaka kama hiyo kila siku kwa miezi miwili bila kumwambia mtu.

Upande wa kushoto, nafasi ya Nanyama ilikuwa tupu. Meza yake bado ilikuwa imefungwa chini ya paa. Hakuna mtu aliyekuwa tena na mdomo wa kumfukuza, baada ya kile kilichomwagika gazetini, lakini saa moja ilipita, na saa mbili, na saa mbili na nusu, na Jael akaanza kufikiri kwamba amemfukuza yeye mwenyewe. Phanuel alikuja, akaiona ile gorogoro iliyopinda, akaigeuza huku na huku. Kisha akanunua.

Saa tatu hivi Nanyama alitokea kichochoroni, gunia mgongoni. Hakusalimia. Alifungua kamba, akatoa meza yake, akaiweka palepale ilipokuwa siku zote, akamwaga omena yake, akatoa gorogoro mfukoni. Jael alisema habari ya asubuhi, na habari ile ikaanguka chini kati ya meza mbili, ikabaki hapo. Asubuhi yote walikaa bega kwa bega bila neno, na Jael hakulalamika. Alikuwa akimtazama akimimina, vidole viwili, kitako hewani na kiraka chake cha risasi, na alijilazimisha asiangalie kando.

Karibu na saa sita anga likafanya giza na matone ya kwanza yakapiga mabati, makubwa. Safu nzima ikakurupuka, watu wakifunika, wakiitana. Jael aliishika karatasi ya nailoni, akaifunua juu ya meza yake peke yake, kwa maana hakuthubutu zaidi ya hapo, na upepo ukamnyang'anya upande mmoja.

Mkono mwembamba ukaudaka.

"Mama Brandon," Nanyama akasema, bila kumtazama, akiivuta nailoni mpaka ikafunika meza zote mbili, "shika huko kwako vizuri. Omena italowa."